Chumba cha Wageni Wasiolala

Kila asubuhi kule Mhezi, kijiji cha milima ya Upare, Mama Irine alibandika sufuria kubwa jikoni. Sufuria hiyo ilinunuliwa zamani, wakati nyumba ilikuwa na watoto wanne, na wote wana njaa. Sasa watoto walikuwa wameondoka. Mmoja alikuwa Mwanza, mmoja Tunduma, mmoja alisema yuko Dodoma lakini simu yake haikupatikana. Wa karibu alikuwa Irine, fundi cherehani mjini Same. Nyumbani walibaki watu wawili tu, Mama Irine na mumewe, Mzee Fanueli.

Lakini sufuria haikuambiwa. Iliendelea kupika makande ya familia nzima. Wawili walikula mchana. Jioni walikula yaliyobaki, na kesho yake wakala yaliyobaki ya yaliyobaki. Mwishowe waliitwa kuku. Kuku wa nyumba hiyo walikuwa wanene, na walitembea polepole kama wazee wa baraza.

"Kwa nini usipikie sufuria ndogo?" Mzee Fanueli aliuliza siku moja.

"Akija mtu je?"

Mzee alitazama njia inayopanda kutoka barabarani. Hakuna mtu aliyekuwa anapanda.

Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja kizuri kuliko vyote. Kilikuwa chumba cha wageni. Ndani kulikuwa na makochi mawili, kitanda kikubwa, na vitambaa vyeupe ambavyo Mama Irine alivifuma mwenyewe. Vitambaa vilifunika makochi. Vitambaa vingine vilifunika vitambaa. Ufunguo wa chumba ulikaa ndani ya kikombe. Kikombe kilikaa kabatini, na kabati nalo lilikuwa na ufunguo wake.

Sheria za chumba hicho zilikuwa chache na zilieleweka. Usiingie. Ukiingia, usikae. Ukikaa, basi lazima wewe ni mchungaji. Mchungaji mwenyewe alikaa mara moja tu, siku aliyokuja kubariki nyumba, tena alikaa ukingoni. Baada yake aliyekaa humo alikuwa paka, ambaye hakuomba ruhusa kwa mtu.

Wenye nyumba hawakukaa humo. Walikaa jikoni, kwenye vigoda, macho yakiwatoka machozi kwa moshi wa kuni mbichi. Walisema kochi ni la mgeni.

Nyuma ya chumba hicho mlima ulianza papo hapo. Nyumba nyingi za huko zimejengwa hivyo. Mtu huchonga ubavu wa mlima, akapata uwanja, akajenga. Katikati ya ukuta na mlima, Mzee Fanueli alikuwa amechimba mfereji. Maji yake yalitoka kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la wanakijiji la kumwagilia mashamba. Kila kaya hupata maji kwa zamu. Zamu ya Mzee Fanueli ilipofika, maji yalipita nyuma ya nyumba yakinong'ona, yakanywesha magimbi yaliyopandwa kando ya ukuta. Magimbi hayo yalikuwa na majani mapana kama miavuli. Aliyapanda kwa sababu Irine aliyapenda tangu utoto.

"Mgeni akilala humu, atasikia maji yakipita," Mzee alisema kwa fahari. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala humo.

*

Irine alilala humo mara moja tu tangu aolewe. Alikuja na mwanawe Ezekiel, ambaye alikuwa bado mdogo. Mtoto alikohoa tangu jioni. Kifua kilimbana, akawa anapumua kwa filimbi. Kulipopambazuka Irine alimbeba mgongoni, akawaaga wazazi haraka, akashuka kuchukua gari la kwanza. Baadaye alipiga simu akasema mtoto anaendelea vizuri, ni baridi tu ya milimani.

Tangu siku hiyo Irine hakulala tena Mhezi. Alikuja, ndiyo. Alileta sukari, mafuta ya kula na sabuni. Alikula makande, akacheka na mama yake, akakaa nje uwanjani na mtoto. Gari la mchana lilipopiga honi kule kwenye kona, alisimama. Mama yake alimfungia magimbi kwenye kikapu, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha Mama Irine alirudi peke yake, polepole, akaosha sahani ambazo zilikuwa nyingi kidogo kuliko za kawaida. Aliziosha taratibu. Hakutaka ziishe upesi.

Wazee wawili walijadili jambo hilo kwa uzito wote. Kwa nini binti yao halali kwao? Mzee Fanueli alikuwa mzee wa kanisa na alizoea vikao. Alifungua kikao jikoni, akampa mkewe nafasi ya kuzungumza. Mkewe alisema Irine amezoea nyumba za mjini. Anaona haya kulala kwenye nyumba ya matofali ya udongo. Mzee alisema tatizo ni baridi, kwa sababu Irine mwenyewe alisema ni baridi. Kikao kiliafiki yote mawili. Chumba kipendezeshwe, na baridi izuiwe.

Waliuza mbuzi. Mzee alishuka Same akarudi na rangi ya mafuta inayong'aa, ya kijani kibichi. Walipaka kuta zote za chumba wenyewe, siku nzima, hata kofia ya Mzee ikawa ya kijani. Walitandika zulia nene sakafuni. Walining'iniza pazia zito. Mwisho, Mzee alichukua magazeti ya zamani, akayakunja, akayashindilia kwenye kila upenyo wa dirisha. Hata upepo wenye nguvu usingepata pa kupita. Kisha wakafunga mlango, wakarudisha ufunguo kikombeni, wakaenda kukaa jikoni kwenye moshi.

Irine alikuja wakati wa Pasaka. Mama yake alimfungulia chumba kama anayefungua zawadi. Irine alisimama mlangoni. Alitazama kuta, zulia na pazia. Macho yake yalijaa machozi, na mama yake alifikiri ni furaha.

"Mmejitahidi sana, mama," alisema.

"Sasa unaweza kulala."

Irine aliangalia chini. Alisema kuna nguo za maharusi lazima azimalize. Mkono wake ulikuwa umemshika Ezekiel begani, na haukumruhusu kuvuka kizingiti. Gari lilipiga honi. Kikapu cha magimbi kikashuka barabarani kama kawaida.

Jioni ile Mama Irine hakupika. Mzee alikoka moto mwenyewe, akachemsha chai iliyokuwa na majani mengi mno, wakanywa. Hakuna aliyelalamika kuhusu chai. Paka alikaa kati yao.

"Ni sisi," Mama Irine alisema baadaye. "Si nyumba. Ametuchoka sisi."

*

Mvua za masika zilikwisha. Ikaja Julai, na baridi yake. Asubuhi moja Mama Irine aliingia chumbani kupangusa vumbi, akatoka akiwa ameshika kiuno. Rangi ya kijani ilikuwa imevimba ukutani kama mtu aliyeumwa na nyuki. Penye mivimbe palipasuka, na chini yake plasta ilikuwa laini kama uji. Pembeni, kutoka sakafuni kwenda juu, kulikuwa na madoa meusi. Chumba kilinuka kama nguo zilizosahaulika ndani ya ndoo.

Mzee Fanueli hakushtuka. Alisema kitu kilicholowa hukaushwa. Aliwasha jiko la mkaa, akaliingiza chumbani, akafunga mlango ili joto lisitoroke. Naye akabaki humo humo kulilinda jiko lisichome zulia.

Asubuhi hiyo hiyo Ernesta alifika kuazima sufuria kubwa. Ernesta alikuwa jirani yao na mhudumu wa afya wa kijiji. Alivaa buti za mpira majira yote na alikuwa na mdomo mwepesi. Kanisani kulikuwa na semina, na kila mtu alijua sufuria ya Mama Irine.

"Shikamoo, mama. Mzee yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko chumba cha wageni."

"Kuna mgeni?"

"Hakuna. Anakausha ukuta kwa jiko."

Ernesta hakungoja sufuria. Alikimbia, akausukuma mlango. Mzee Fanueli alikuwa amekaa kwenye kochi, ukingoni, kama mchungaji. Mkono ulikuwa kwenye paji la uso, macho mazito. Ernesta alimshika mkono akamtoa nje, akamketisha kwenye benchi uwanjani. Alirudi akalitoa jiko. Akafungua dirisha kwa nguvu, na magazeti yaliyoshindiliwa yakaruka kama kuku waliofukuzwa.

Alimwambia Mzee avute hewa safi, na akakaa naye hapo hapo kumwangalia. Mzee alisema kichwa kinamuuma kidogo tu.

"Ndivyo inavyoanza, baba," Ernesta alisema. "Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu. Huioni na haina harufu. Nje inapeperuka. Ndani ya chumba kilichofungwa inakulewesha, unasinzia, na huamki. Inaua hata mtu aliyekaa kwenye kochi lenye kitambaa."

Mama Irine alikaa chini pale alipokuwa amesimama. Ernesta alieleza kwamba jiko la mkaa halifai kabisa ndani ya chumba cha kulala, wala kwa kukausha, wala kwa kuota moto. Kama kichwa kisingeacha kuuma, au Mzee angetapika, wangempeleka zahanati mara moja. Walikaa naye. Baada ya muda macho ya Mzee yalifunguka vizuri, akaomba uji. Alipoupata akalalamika hauna sukari. Ernesta akasema mgonjwa amepona.

Kisha Ernesta aliingia chumbani tena. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma. Alipokitoa kilikuwa kimelowa.

"Mama, mvua imekata lini?"

"Zamani. Kabla ya kuvuna maharage."

"Basi maji haya ni ya nani?"

Ernesta aliomba mifuko miwili ya nailoni. Aliikata ikawa vipande bapa. Kimoja alikibandika kwenye ukuta wa mbele, kingine kwenye ukuta wa nyuma, penye sehemu iliyobanduka rangi, akaziba kingo zote kwa utepe wa gundi. Alieleza polepole. Kama jasho litaonekana juu ya nailoni, upande wa chumbani, basi unyevu unatoka kwenye hewa ya chumba. Hapo dawa ni kufungua dirisha. Kama jasho litakuwa chini ya nailoni, upande wa ukuta, basi maji yanapita ndani ya ukuta wenyewe, na lazima chanzo chake kitafutwe. Akasema wasiguse mpaka arudi. Akabeba sufuria kichwani, akaenda.

Jioni Mama Irine alipika kwenye sufuria ndogo. Makande yaliwatosha wawili, yakaisha. Alitazama ndani ya sufuria tupu kwa muda mrefu. Kuku nao walikuja mlangoni wakatazama.

*

Ernesta aliporudi, waliingia wote watatu. Nailoni ya ukuta wa mbele ilikuwa kavu pande zote. Nailoni ya ukuta wa nyuma ilikuwa imejaa matone makubwa kwa chini.

Ernesta alitoka, akazunguka nyuma ya nyumba, wazee wakimfuata. Mfereji ulikuwa bado na tope. Siku iliyopita ilikuwa zamu ya Mzee Fanueli. Udongo wa magimbi ulikuwa umepanda ukutani, juu kuliko sakafu ya ndani. Ernesta alichukua kijiti akakichomeka udongoni kando ya ukuta. Kiliingia chote bila kusukumwa.

"Baba, unaumwagilia ukuta," alisema. "Usingekuwa ukuta ungeshaota."

Mzee hakucheka. Ernesta naye aliacha utani. Aliwaeleza kwamba udongo unanyonya maji kama kitambaa. Maji ya mfereji na ya mlima yaliingia chini ya ukuta yakapanda. Zamani yalikuwa yanakauka kidogo kidogo kwa kupita kwenye plasta. Walipopaka rangi ya mafuta, waliyafungia ndani, kwa sababu rangi hiyo haipitishi hewa. Walipoziba dirisha, chumba kikakosa upepo. Ndipo yale madoa meusi, ambayo huenda yalianza zamani nyuma ya makochi, yakaenea. Hayo ni kuvu. Kuvu hutoa vumbi dogo sana lisiloonekana. Mtu mwenye kifua dhaifu, hasa mtoto, akivuta vumbi hilo anabanwa.

Mama Irine alishika ukuta kwa mkono mmoja.

"Mtoto anaweza kupumua kwa filimbi?" aliuliza.

"Anaweza."

Mama Irine hakungoja zaidi. Alikwenda pale uwanjani penye mtandao, karibu na zizi, akampigia Irine. Mzee na Ernesta waliona mgongo wake tu.

"Irine, usinifiche. Ezekiel alipolala hapa, alikuwa na nini?"

Mashine ya cherehani ilikuwa inasikika kwa mbali, kisha ikaacha.

"Pumu, mama," Irine alisema. "Hospitali walisema nimwepushe na unyevu, kuvu na moshi. Ana dawa ya kuvuta."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ni chumba chenu kizuri. Nyinyi wenyewe hamkikalii, mmetuwekea sisi. Nikuambie kinamuumiza mwanangu?"

Mama Irine alikaa kwenye jiwe. Irine naye hakukata simu. Walibaki hivyo, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake, mpaka salio likaisha.

*

Ilionekana jambo limekwisha, lakini Mzee Fanueli aligoma. Ukuta angekwangua. Rangi angebandua, ingawa mbuzi mzima alikuwa ameenda humo. Ila mfereji hautahama. Alisema aliuchimba kwa mikono yake. Alisema mgeni anasikia maji. Alisema magimbi yale ni ya Irine, na mtu haondoi chakula cha mwanawe. Badala yake apige plasta ya saruji, ngumu, maji yashindwe.

Ernesta alimweleza kwamba saruji juu ya tofali la udongo nayo hufungia unyevu ndani, kisha hubanduka mapande mapande. Mzee alisema atafikiri. Alichukua jembe lake akaenda kukaa nyuma ya nyumba, kati ya magimbi, bila kulima.

Mama Irine alimfuata huko. Alisimama juu ya tope.

"Magimbi tunayo, Baba Irine," alisema. "Irine ndiye hatuna."

Mzee alinyoosha mkono akashika gimbi la kwanza kwenye shina, akalivuta. Lilitoka na tope lake kwa sauti ya kunyonya. Akavuta la pili.

Kazi ilianza hivyo, na ilichukua kiangazi chote. Haikuwa kazi ya gharama. Mawe yalikuwa shambani mwao. Mchanga waliuchota mtoni. Walinunua chokaa, wavu wa dirisha na brashi tu. Kila walichokosa, Ernesta alikuja nacho au alikuja na maneno.

Kwanza walihamisha maji. Mzee alichimba mfereji mpya upande wa chini wa nyumba, kandokando ya migomba, na miche ya magimbi wakaihamishia huko. Nyuma ya nyumba waliondoa udongo uliopanda ukutani, mpaka ukawa chini kuliko sakafu. Hapo wakachimba mtaro wenye mteremko, wakaujaza mawe, ili maji ya mvua yanayoshuka mlimani yazunguke nyumba badala ya kuingia ndani.

Kisha chumba. Zulia lilipoinuliwa, chini yake lilikuwa jeusi. Wakalitupa. Pazia zito wakalifua na kulianika juani. Walijifunga vitambaa puani na mdomoni. Madoa ya kuvu waliyafuta kwa maji na sabuni, wala hawakuyapiga brashi yakiwa makavu, kwa sababu vumbi lake lingeruka wakalivuta. Baada ya hapo walikwangua rangi. Plasta iliyooza waliibandua yote. Ukuta ukabaki uchi, dirisha wazi, kwa wiki nyingi.

"Tupake sasa," Mzee alisema kila Jumapili.

"Nailoni inasemaje?" Ernesta aliuliza.

Nailoni ikisema bado, walingoja. Siku nailoni ilipokuwa kavu pande zote, walipiga plasta ya mchanga na chokaa, wakapaka chokaa nyeupe juu. Chokaa huacha ukuta upumue, na kuvu haiipendi. Ila inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo walivaa glavu, na Mzee akavaa miwani ya jua. Alionekana kama mwanamuziki mstaafu. Mama Irine alicheka mpaka akaegemea ngazi. Alikuwa hajacheka hivyo tangu Pasaka.

Jikoni nako walitengeneza. Kuni walizipanga nje kwenye uchanja, chini ya paa, zikauke kabla ya kuchomwa. Juu ya ukuta waliacha nafasi ya moshi kutoka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi waliona rangi ya paa la jiko lao. Ilikuwa ni bati.

Chumba kilipokwisha, Mama Irine alitafuta kikombe ili arudishe ufunguo. Ernesta alimzuia.

"Mama, chumba kikifungwa, unyevu unarudi. Fungua dirisha kila asubuhi jua likitoka. Tena kaeni humu."

"Sisi?"

"Wengine wako wapi?"

Ernesta akaenda zake. Wazee walibaki mlangoni. Hatimaye Mzee Fanueli alivua viatu, akaingia, akakaa kwenye kochi. Mkewe akakaa kwenye kochi la pili. Walikaa wima, magoti pamoja, mikono mapajani, kama watu waliokuja kuposa. Hawakujua watazame wapi.

"Karibu, mgeni," Mzee alisema.

"Ahsante. Nimeshakaribia."

"Mmeamkaje huko kwenu?"

"Salama. Kupo kimya sana."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alisema kwake pia kupo kimya. Kisha Mama Irine aliinuka, akaleta makande ya sufuria ndogo, akayapakua kwenye sahani za wageni zenye maua. Walikula humo, dirisha likiwa wazi. Ukungu ulipita nje. Hawakusikia maji. Walisikia vijiko vyao tu. Lakini siku iliyofuata walirudi tena, na siku iliyofuata, na kabla Krismasi haijafika Mzee Fanueli alikuwa ameanza kuegemea.

*

Siku moja kabla ya Krismasi, Ernesta alirudisha sufuria kubwa aliyoiazima tangu Julai. Mama Irine aliisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, ingawa Irine alikuwa amesema tu kwamba watakuja kusalimia.

Siku yenyewe Irine alipanda njia na Ezekiel akitangulia. Mtoto alikuwa amekua. Alimsalimia babu yake shikamoo akiwa bado mbali, kwa sauti ya mtu anayetaka zawadi. Irine alikuwa na mkoba mdogo wa mkononi tu, na ndani yake dawa ya mtoto. Hakuleta nguo za kulalia. Mama yake aliutazama mkoba, akageuza macho.

Mlango wa chumba cha wageni ulikuwa wazi. Irine alisimama kizingitini, kama wakati wa Pasaka, mkono begani kwa mtoto. Hapakuwa na kung'aa tena. Kulikuwa na kuta nyeupe, mkeka sakafuni, makochi, na kitambaa kimoja tu. Alivuta hewa kwa pua. Alikwenda ukuta wa nyuma, akaweka kiganja, akakaa nacho hapo.

"Pakavu," alisema.

"Muulize nailoni," baba yake alisema.

Walikula humo humo. Kulikuwa na makande, kuku mmoja kati ya wale wanene, na magimbi machache yaliyokuwa tayari kule chini kwenye migomba. Ezekiel alikula magimbi matatu, akapanda kwenye kochi na miguu yake. Mama Irine alifungua mdomo kusema jambo, akaufunga. Mtoto alijinyoosha, akalala usingizi.

Irine aliinama karibu na kifua cha mwanawe. Wazee nao walisogea. Walisikiliza. Pumzi iliingia, ikatoka. Haikuwa na filimbi. Irine aliendelea kusikiliza, muda mrefu, kama mtu asiyeamini hesabu yake.

Gari la mchana lilipiga honi kule kwenye kona.

Mama Irine aliinuka. Alijifunga khanga vizuri. Kikapu cha magimbi alikuwa amekwisha kukifunga tangu asubuhi, akakichukua kutoka nyuma ya mlango, akasimama tayari kusindikiza. Alikuwa amezoea. Hakumtazama binti yake.

Irine alinyoosha mkono akakipokea kikapu. Alikifungua, akatazama ndani.

"Rudisha jikoni, mama," alisema. "Tutayala kesho na chai."

Honi ililia mara ya pili, kisha gari likasikika likishuka, kona baada ya kona, mpaka likapotea. Mama Irine alibaki na kikapu mikononi. Mzee Fanueli alikohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya kufungua kikao, akaenda dirishani kulifunga, ili wageni wasipate baridi.

"Liache wazi," mkewe alisema. "Mletee mtoto blanketi."

Mzee akaliacha wazi, akaenda kutafuta blanketi.